Weji ipi ikuvumilie ukikosea? Mwongozo wa kuchagua kabla hujatoa hela

Umepiga mikwaju miwili mizuri. Mpira uko mita 25 tu kutoka kwenye grini, bendera unaiona inapepea. Unachukua fimbo fupi, unapiga, fimbo inachimba udongo na mpira unasogea mita mbili. Unarudia. Safari hii unaukata mpira katikati, unapita juu ya grini kama risasi na kuingia kichakani upande wa pili. Shimo lililokuwa la mikwaju minne limekula minane.

Kama hali hii unaijua, hauko peke yako. Na si kila mara mkono ndio wenye makosa. Wachezaji wengi wapya wanabeba fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye ufundi wa juu kuliko wao. Fimbo hiyo haiwaachii hata kosa dogo.

Fimbo tunayoizungumzia inaitwa weji. Mwongozo huu tumeuandaa kwa yeyote anayetaka kununua ya kwanza, na hasa kwa aliye mbali na maduka ya gofu. Ukiwa Mbinga mjini, Mbamba Bay au Liuli, huwezi kuingia dukani ukajaribu fimbo tano ndipo uchague. Unachagua kwa kutazama picha kwenye simu, unatuma hela, unasubiri mzigo ufike kwa basi. Ukikosea, pa kuirudisha hakuna, na hela ya msimu wa kahawa ndiyo imeshakwenda.

Kwa wenye haraka

- Unanunua moja tu? Tafuta sendi weji ya nyuzi 54 au 56.
- Baunsi iwe ya kati hadi juu: nyuzi 10 hadi 14.
- Soli iwe pana kiasi, mgongo uwe umechimbwa, si bapa lililojaa.
- Achana na nyuzi 60 kwa sasa.
- Ya mtumba ni sawa, ila kagua mifereji na mpini kabla ya kulipa.

Sababu zake ni hizi.

Weji ni nini hasa?

Ni fimbo ya chuma yenye uso uliolala sana. Kazi yake ni kuunyanyua mpira haraka, uende umbali mfupi na ukitua usikimbie mbali. Ndiyo unayoishika ukiwa ndani ya mita 100, kwenye nyasi ndefu pembeni ya grini, au kwenye bunka, yaani shimo la mchanga.

Ziko nne, na zinatofautiana kwa lofti, yaani jinsi uso wa fimbo ulivyolala:

- Pichi weji: nyuzi 43 hadi 48. Kwa kawaida huja pamoja na seti.
- Gepu weji: nyuzi 50 hadi 52.
- Sendi weji: nyuzi 54 hadi 56.
- Lobu weji: nyuzi 58 hadi 60, nyingine hufika 64.

Namba ikiwa kubwa, mpira unapanda juu zaidi na kwenda karibu zaidi.

Kwa nini uanze na weji, si fimbo ya mbali?

Wengi wakipata hela wanakimbilia fimbo ya kupiga mbali. Inavutia kweli. Lakini angalia hesabu hii.

Hata mabingwa wanaocheza PGA Tour ya Marekani, kwa wastani, hufika kwenye grini kwa idadi ya mikwaju inayotakiwa kwenye mashimo 12 hivi kati ya 18. Mashimo sita yaliyobaki wanaokolewa na mchezo wa karibu. Hao ni watu ambao gofu ndiyo kazi yao. Mchezaji wa mwisho wa wiki anaikosa grini kwenye mashimo mengi kuliko anayoipata, maana yake karibu kila shimo atahitaji kupiga chipu au pichi. Fimbo anayoitumia hapo ndiyo inaamua atamaliza na mikwaju mitano au minane.

Baunsi: somo la jembe

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi, na ndilo muhimu kuliko yote.

Chukua jembe. Ukilipiga ardhini kwa ukingo, linazama, na ndiyo kazi yake. Mkulima wa Umatengo anayechimba ngolo kwenye mteremko anataka jembe lizame. Sasa lilaze, liguse ardhi kwa tumbo. Halizami tena, linadunda na kuteleza.

Weji ina sehemu hizo mbili pia. Kuna ukingo wa mbele unaoweza kuchimba, na kuna soli, yaani tumbo la chini la fimbo. Kwenye weji nyingi soli imeshuka chini kidogo kuliko ukingo. Pembe hiyo ndiyo inaitwa baunsi, na hupimwa kwa nyuzi.

- Baunsi ya chini: nyuzi 4 hadi 6. Ukingo uko karibu na ardhi, fimbo ni rahisi kuchimba.
- Baunsi ya kati: nyuzi 7 hadi 10.
- Baunsi ya juu: kuanzia nyuzi 10 au 11 hadi 14 na zaidi. Soli inatangulia kugusa, fimbo inateleza.

Kosa kubwa la anayeanza ni kugonga ardhi kabla ya mpira. Akiwa na baunsi ndogo, fimbo inazama na kukwama. Akiwa na baunsi ya kutosha, soli inagusa ardhi, inateleza mbele na bado inaufikia mpira. Mkwaju hautakuwa mtamu, lakini mpira utafika kwenye grini. Hiyo ndiyo maana ya fimbo inayokuvumilia.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Ukisukuma mikono mbele sana wakati wa kupiga, unaipunguza baunsi na kuurudisha ukingo ardhini. Ukiufungua uso wa fimbo kidogo, baunsi inaongezeka. Kwa hiyo unaweza kununua weji nzuri kabisa halafu ukaiua kwa jinsi unavyoishika.

Historia yake nayo inafundisha. Mmarekani Gene Sarazen ndiye anayesifiwa kwa kuleta sendi weji ya kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliongeza chuma kwenye soli ya fimbo yake ili ipite mchangani bila kuzama. Mwaka 1932 alishinda The Open kwenye uwanja wa Prince's nchini Uingereza akiwa nayo. Naye alikuwa bingwa mkubwa tayari, lakini mchanga ulikuwa unamsumbua kama unavyotusumbua sisi.

Mambo manne yanayofanya weji ikuvumilie

*1. Soli pana.* Soli pana inasambaza uzito juu ya mchanga au nyasi. Ni kama tofauti ya kutembea kwenye mchanga laini kwa viatu vyenye visigino vyembamba na kwa kandambili. Kisigino kinazama, kandambili inabaki juu.

*2. Mgongo uliochimbwa.* Geuza fimbo uangalie nyuma. Kama mgongo umejaa chuma kote, hilo ni bapa. Mabingwa wanalipenda kwa sababu linawapa hisia na uhuru wa kucheza na mpira. Kama mgongo una shimo na chuma kimehamishiwa pembeni, hiyo ndiyo ya kwetu. Mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwenye mzega hawezi kugeuka ghafla, kwa sababu uzito uko ncha mbili. Fimbo yenye uzito pembeni nayo haigeuki kirahisi mkononi hata mpira ukigongwa nje ya katikati ya uso. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya Ping mwaka 1959, ndiye aliyelipa wazo hili umaarufu mkubwa.

*3. Ukingo wa mbele uliopigwa msasa.* Ukingo mkali unachimba. Ukingo uliofanywa wa mviringo kidogo unasamehe zaidi. Kwenye picha uangalie kwa upande, utauona.

*4. Kichwa kikubwa kiasi.* Uso mkubwa unaongeza nafasi ya kuupata mpira, hasa ukiwa umezama kwenye nyasi ndefu.

Fimbo yenye mambo haya manne haitakupa mikwaju ya kwenye televisheni. Itakachofanya ni kuyapunguza makali ya kosa lako. Ulipokuwa unapoteza mikwaju minne, utapoteza mmoja.

Lofti ipi? Anza na fimbo uliyonayo

Usinunue 56 kwa sababu rafiki yako anayo 56. Kwanza angalia pichi weji iliyoko kwenye seti yako ina nyuzi ngapi. Kama haijaandikwa, tafuta jina la seti mtandaoni.

Seti nyingi za zamani zina pichi weji ya nyuzi 47 au 48. Seti nyingi za kisasa za wanaojifunza zina 43 hadi 45. Hapo ndipo watu wanapochemka. Mwenye pichi ya 44 akinunua 56 anaacha pengo la nyuzi 12. Kuna umbali katikati ambao hana fimbo yake, atalazimika kupiga nusu nusu na kubahatisha.

Mpangilio rahisi uwe hivi:

- Pichi yako ni 48: ongeza 52 na 56. Kama ni moja tu, chukua 54 au 56.
- Pichi yako ni 44 au 45: ongeza 50 na 56. Kama ni moja tu, chukua 54.

Pengo la nyuzi 4 hadi 6 kati ya fimbo na fimbo linatosha.

Vipi kuhusu 60? Inatamanisha, mpira unapanda wima na kusimama. Lakini inahitaji mkwaju wa nguvu kwa umbali mfupi, na kosa dogo linaupitisha ukingo chini ya mpira au kuukata katikati. Iache hadi uwe unaimudu 56 bila wasiwasi.

Uwanja unaocheza unasemaje?

Viwanja vyetu vinavyojulikana viko mbali na Ziwa Nyasa. Kutoka Mbinga unapita Songea, Njombe na Makambako, ndipo unafika Mufindi kwenye mashamba ya chai mkoani Iringa. Mbele zaidi kuna Morogoro Gymkhana, kisha Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam. Kaskazini kuna Moshi, Arusha Gymkhana na Kili Golf. Zanzibar kuna Sea Cliff.

Wengi wa kwetu wanaocheza ni wale wanaofanya kazi au kusoma huko, wanarudi nyumbani likizo na begi la fimbo. Wengine walianza kama makedi, wakibeba mabegi ya wenzao hadi wakaushika mchezo. Njia hiyo imetoa wachezaji wengi wa kulipwa hapa nchini. Kwa kijana kama huyo, weji moja sahihi ina thamani kuliko seti nzima isiyomfaa.

Kabla ya kununua, jiulize utacheza wapi na msimu gani.

- *Ardhi laini, nyasi nene, masika, bunka zenye mchanga mwingi:* baunsi ya juu na soli pana zinakufaa.
- *Ardhi ngumu, nyasi zimekauka, kiangazi, mchanga mchache ulioshindiliwa:* baunsi kubwa sana inaweza kudunda juu ya ardhi na kuupiga mpira tumboni. Hapa nyuzi 8 hadi 10 zinatosha.

Uwanja mmoja unaweza kuwa wa aina zote mbili ndani ya mwaka. Ndiyo maana kwa mwenye weji moja tunashauri nyuzi 10 hadi 12. Ni namba ya katikati, haitakuangusha sana popote.

Na siku ardhi ikiwa ngumu kama barabara, si lazima utumie sendi weji. Chukua pichi weji au hata chuma namba 8, piga mkwaju mfupi wa chini, uache mpira ukimbie wenyewe hadi shimoni. Hakuna atakayekucheka, kwenye kadi inaandikwa idadi tu.

Mpini na urefu

Weji nyingi za wanaume zina urefu wa inchi 35 hivi. Za wanawake huwa fupi kidogo na nyepesi. Mambo ya kuzingatia:

- Mpini wa chuma ni mzito na unatulia. Wa grafiti ni mwepesi, unamsaidia mwenye nguvu kidogo au maumivu ya viungo.
- Kama fimbo zako nyingine ni za grafiti, weji ya chuma kizito itakupa hisia tofauti kabisa. Itakuchukua muda kuizoea.
- Unatumia mkono wa kushoto? Thibitisha mara mbili kabla ya kulipa. Kwenye picha iliyopigwa kwa kioo cha simu, kulia hugeuka kushoto.
- Mtoto asipewe fimbo ya baba iliyokatwa tu. Ukikata mpini, fimbo inakuwa ngumu zaidi na kichwa kinabaki na uzito uleule wa mtu mzima.

Majina utakayokutana nayo

Hili si tangazo, ni kukusaidia usome matangazo ya wengine.

*Cleveland* wana CBX, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2017. Ni weji yenye mgongo uliochimbwa na imelengwa kwa mchezaji wa kawaida. Wana pia Smart Sole, yenye soli pana sana, kwa anayeteseka kabisa kwenye bunka.

*Callaway* walitoa Sure Out, soli pana, kazi yake ni kukutoa mchangani.

*Titleist Vokey* ndiyo utaiona kwa mabingwa wengi. Nyingi ni bapa. Ni fimbo nzuri, lakini ndani yake kuna aina nyingi za soli zinazotambulishwa kwa herufi. Ukiona 56.10S maana yake ni lofti nyuzi 56, baunsi 10, na soli ya aina S. Soli ya K ni pana na yenye baunsi kubwa, na ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayezama mchangani.

*Seti yako yenyewe.* Kabla ya kwenda mbali, uliza kama kampuni iliyotengeneza chuma zako ilitoa gepu na sendi weji za seti hiyohiyo. Mara nyingi zina mgongo uliochimbwa, zinaoana na ulizozizoea, na kwenye mtumba zinauzwa bei ya chini kuliko zenye majina makubwa.

Bei halisi si ile uliyoiona

Weji mpya ya kampuni kubwa huuzwa nje kwa dola 150 hadi 200 hivi. Kwa shilingi, hiyo ni karibu laki nne hadi laki tano. Lakini hapo bado hujalipa usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ambayo Bara ni asilimia 18. Kisha kuna nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Songea na Mbinga. Piga hesabu yote kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua.

Ndiyo maana mtumba unakuwa na maana. Njia nzuri ni kumuulizia kedi, mwalimu wa gofu au mchezaji wa klabu unayemfahamu. Watu wanabadilisha fimbo kila mara, na za zamani zinakaa stoo.

Kagua hivi kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji akutumie picha nne: uso, soli, mgongo, na namba zilizogongwa kwenye chuma. Video ni bora zaidi. Akikataa, usiendelee naye.

1. *Mifereji ya usoni.* Hiyo ndiyo inaondoa maji na majani na kuufanya mpira uzunguke. Ukipitisha ukucha, unapaswa kukwama kidogo. Ukiteleza tu, imekwisha.
2. *Mpini.* Uviringishe juu ya meza. Ukirukaruka, umepinda.
3. *Shingo.* Shika kichwa, zungusha mpini taratibu. Kikilegea au kutoa mlio, gundi imeachia.
4. *Soli.* Angalia kama imesagwa na mashine. Kuna watu wanazikata wenyewe, na baunsi iliyoandikwa inakuwa si iliyopo.
5. *Mshiko wa mpira.* Ukiwa mgumu na unateleza, unabadilishwa. Omba upunguziwe bei.
6. *Kutu.* Kutu ya juu juu si tatizo, nyingine zimetengenezwa hivyo makusudi. Kutu iliyokula mifereji ndiyo tatizo.
7. *Feki.* Herufi zilizopinda, rangi zilizomwagika, bei ya kushangaza. Weji ya laki nne haiuzwi mpya kabisa kwa elfu sitini.

Kuna jambo la kisheria pia. Kuanzia mwaka 2010 kanuni za mifereji zilibadilika, na fimbo zinazotengenezwa tangu hapo zina mifereji isiyo mikali kama ya zamani. Kwa mchezo wa kawaida wa klabu hilo kwa kawaida halikusumbui. Ukitaka kuingia mashindano makubwa na weji ya zamani, iulize kamati mapema.

Ufukwe wa Nyasa ni darasa la bure

Hapa ndipo sisi wa huku tumebarikiwa. Wachezaji wa mjini wanapanga foleni kwenye bunka moja ya mazoezi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay siku hizi ni lami, na ukifika unakuta mchanga usiokwisha.

Na mchanga wenyewe ni wa aina mbili. Karibu na maji umelowa na umeshindiliwa. Ukipanda juu kidogo ni mkavu na laini. Hizo ni bunka mbili tofauti kabisa, mahali pamoja.

Fanya hivi, na huhitaji hata mpira:

1. Chora mstari mchangani, urefu wa mita mbili.
2. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako.
3. Piga weji ili soli iguse mchanga hapo kwenye mstari, irushe mchanga mbele.
4. Sogea hatua, rudia hadi mwisho wa mstari.
5. Rudi uangalie alama. Zikiwa nyuma ya mstari, unachelewa kuhamishia uzito mguu wa mbele. Zikiwa mashimo marefu kwenda chini, unachimba. Zikiwa nyembamba na ndefu, soli inateleza, umepata.

Kwenye bunka halisi haupigi mpira, unapiga mchanga sentimita tano hivi nyuma yake, na mchanga ndio unaubeba mpira kutoka nje. Zoezi la mstari linafundisha jambo hilohilo.

Jaribu kwenye mchanga mkavu, kisha kwenye ulioloa. Utaona soli pana inavyopeta kwenye mkavu, na inavyotaka kudunda kwenye ulioshindiliwa. Ukishaona kwa macho yako, hakuna muuzaji atakayekudanganya kuhusu baunsi.

Ila tafadhali, usipige mipira kuelekea watu, mitumbwi, nyavu au chanja za usipa. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 na ni mgumu. Ukimpata mtu kichwani si mchezo tena. Usipige pia kuelekea ziwani, mpira unaozama ni hela na ni taka. Ukimaliza, suuza fimbo na uifute ikauke.

Kwa aliye milimani, miteremko nayo inafundisha. Uwanja wa gofu hauko tambarare kote. Tafuta sehemu ya wazi isiyo na mazao, fanya mikwaju ya hewani mguu mmoja ukiwa juu ya mwingine. Mwili ukizoea kujipanga na mteremko, siku ya mchezo hutababaika.

Sheria mbili za kukumbuka

Kwanza, mwisho ni fimbo 14 begini. Ukiongeza weji ukafika 15, toa moja. Adhabu yake ni mikwaju miwili kwa kila shimo ulilovunja sheria, isiyozidi minne kwa raundi, kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju.

Pili, ukiwa ndani ya bunka huruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala kufanya mkwaju wa majaribio unaogusa mchanga. Zoezi la ufukweni libaki ufukweni.

Makosa yanayogharimu wengi

- Kununua fimbo aliyoshinda nayo bingwa. Yeye anapiga mamia ya mipira kwa siku, wewe unapiga Jumamosi.
- Kununua weji tatu kwa mkupuo. Nunua moja, ijue, ndipo uongeze.
- Kuangalia lofti na kusahau baunsi.
- Kulipa kabla ya kuona picha ya soli.
- Kuilaumu fimbo wiki ya kwanza. Ipe muda wa mwezi mmoja wa mazoezi.

Weji haitakuondolea makosa, hata mabingwa wanakosea. Lakini iliyo sahihi itahakikisha kosa moja linakugharimu mkwaju mmoja, si minne. Kama hela yako inatosha fimbo moja tu mwaka huu, basi uliza namba mbili kabla ya kutuma muamala: lofti ngapi, na baunsi ngapi. Muuzaji asiyejua kukujibu, mwache abaki na fimbo yake.